Muhtasari wa Kikao Kilichofanyika Angani

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Baba Paroko, Katibu na wajumbe wa Kamati Tendaji ya kigango, Mama Wilhelmina, mwenyekiti wa akina mama, wanakwaya ambao mmesimama tangu asubuhi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi watoto mlioketi mkekani: Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nieleze historia ya ukumbi huu wa Mkolani, tunaoufungua leo baada ya ukarabati. Habari za paa na vigae mtazisoma ubaoni. Mimi naomba kwa unyenyekevu niseme juu ya chumba kimoja tu, kile cha nyuma, ambacho kwenye ratiba yenu kimeandikwa "Ofisi ya Mwenyekiti". Mwenyekiti ni mimi, Anatory Rwehumbiza. Kwa miaka kumi na moja mafaili ya kigango yamekaa chini ya kitanda changu, na mtu akihitaji cheti cha ubatizo, mke wangu Josepha huinama na tochi. Je, yupo anayestahili ofisi kuliko mimi? Hata mimi niliamini hayupo.

Lakini chumba hicho kina wenyewe. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi alasiri, marafiki watatu wamekutana humo: Odongo, muuza kokoto na mchanga wa Mkuyuni, Akinyi, muuguzi, na Sabina, fundi cherehani. Nyumbani kwa Odongo wamo watoto sita, Akinyi analala chumba kimoja na wauguzi wenzake, na duka la Sabina limepakana na mashine ya kusaga. Humo chumbani walikuta diski zilizoachwa na mhandisi mmoja wa maji, Mwingereza, nazo zina tamthilia ya zamani ya kwao, ya watu wanaosafiri angani kutoka sayari hadi sayari wakiwa wamevaa suruali za kubana. Wanatazama sehemu moja, wanaijadili, wanaurekodi mjadala kwa simu na kuusambaza. Nasikia abiria wa kivuko cha Nansio huusikiliza njia nzima.

Nikisema "wanaijadili" ninawasitiri. Wanaisimanga. Na wanacheka, ndugu zangu, kicheko cha kutikisa madirisha, wakati akina mama wako ukumbini wanasali Rozari. Mama Wilhelmina alileta malalamiko kwa maandishi, na alikuwa na haki. Kamati ikanituma nikashuhudie, nilete taarifa, ili chumba kifungwe. Nilikwenda na daftari, na hukumu nilikwisha kuifikia njiani.

Walinipa shikamoo, wakanikalisha mbele. Nikafungua kwa sala, kama kikao chochote kinavyofunguliwa, kisha wakawasha kompyuta. Nahodha wa chombo cha angani akateremka kwenye sayari ya kutisha, yenye mawe matupu na moshi. Odongo akaniinamia, akasema kwa upole, "Baba Mwenyekiti, hiyo siyo sayari, hayo ni machimbo ya kokoto. Tazama pale nyuma, tipa linapita."

Nikatazama. Tipa lilikuwa linapita.

Odongo akasikitika kwamba watu hao hawakuja Mwanza, wakapewa mawe yaliyopangwa na Mungu mwenyewe. Likatokea zimwi, tishio la nyota zote. Sabina hakuogopa, aliomba picha isimamishwe, akanionyesha zipu mgongoni mwa zimwi, akasema hata mwanafunzi wake wa mwezi wa kwanza asingeishona hivyo. Nahodha akapigwa mwale wa moto kifuani, na daktari wa chombo akamponya kwa kumpungia kitu kama tochi. Akinyi akauliza, "Na glavu? Na faili la mgonjwa liko wapi?"

Mimi sikucheka. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu. Mimi niliandika, na hapo ndipo nilipokosea. Mtu niliyelelewa seminari, nikawa katibu wa vikao tangu ujana wangu, sijui kuandika taarifa ya namna nyingine. Nikaisoma mbele ya Kamati, kwa sauti hii hii:

"Waliohudhuria: nahodha, daktari, mhandisi na zimwi moja. Waliotoa udhuru: hakuna. Kikao kilifunguliwa kwa mlipuko. Ajenda ya kwanza, kuokoa ulimwengu: zimwi liliomba nafasi ya kuzungumza, likapigwa mwale kabla ya kupewa. Ajenda ya pili, hali ya jengo: nahodha aliegemea ukuta wa chombo, ukayumba, mjumbe mmoja aliushikilia hadi mwisho wa kikao. Ajenda ya tatu: zimwi, ambalo sasa ni marehemu, lilionekana likipumua. Mengineyo: marehemu aliombewa na mwenyekiti wa kigango."

Ni kweli nililiombea. Lilikufa, na hakuna aliyevua kofia.

Penye udhuru, Katibu aliweka kalamu chini. Penye ukuta, Mama Wilhelmina alijifunika uso kwa kitenge, nami nikadhani anasali. Penye marehemu kupumua, aliteleza kutoka kwenye benchi. Alipopata pumzi alisema, "Mzee Rwehumbiza, hebu isome tena hiyo ya ukuta." Niliisoma mara tatu, na mara ya tatu, Baba Paroko unisamehe, mimi mwenyewe sikuifikisha mwisho.

Rozari ikasogezwa mbele saa moja, na hakuna aliyezungumza tena juu ya kicheko. Lakini ramani ya ukarabati ilikwisha kupitishwa, na chumba ni ofisi. Ndiyo maana mnawaona wale watatu kule nyuma wamesimama na diski zao mkononi. Wamekuja kutupigia makofi, na leo alasiri hawana pa kwenda.

Je, ni dhambi kulicheka zimwi la mpira? Nimetafuta kwa wiki tatu, sikuona. Nilichoona ni kwamba katika matunda ya Roho, furaha hutajwa ya pili, mara tu baada ya upendo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Diwani, ukifika mlango wa nyuma na mkasi wako, usizindue ofisi. Mwenyekiti hahami. Nilimweleza Baba Paroko asubuhi sakristiani. Alitikisa kichwa, nami nikaamua kwamba amekubali. Kwa Josepha, mwenye kitanda, nilikwenda kwa woga zaidi. Jana mezani nilimwomba avumilie mafaili yetu mpaka Mungu atakapotuonyesha mahali pengine. Alikula matonge mawili, kisha akasema, "Sawa, Baba Kokulinda. Lakini yule mhandisi wa angani, aliyetumbukia shimoni Jumamosi iliyopita, alitoka au hakutoka?"

Kumbe simu yangu, ninayoiacha nyumbani kila ninapokwenda vikaoni, ilikuwa na kazi nyingine: kumsikilizisha mijadala ya wale watatu.

Odongo, Akinyi, Sabina, ingieni chumbani kwenu. Mimi na Josepha tutafika saa kumi kamili kuulizia habari za mhandisi. Nanyi nyote mlionitegea sikio kwa uvumilivu, nawashukuru, na Mungu awabariki.