Kuni Kwanza, Joka Baadaye

Ndani ya treni, mama mmoja fundi cherehani alikuwa akipanga mapajani karata zake za mashindano, nyingine zimechorwa kuni, nyingine majoka. Mzee aliyeketi kando, naye mchezaji, akashindwa kunyamaza. "Mwanangu, karata za kuni zote hizo za nini? Punguza, ongeza majoka."

"Joka halitoki mkononi kwenda kupigana bila kulipiwa kuni, mzee wangu. Fainali iliyopita nilishika majoka matupu, nikapigwa huku nayatazama."

"Na ukijaza kuni utampiga mtu kwa nini? Kwa moshi?"

Mama akacheka, ingawa fainali ile bado ilimwuma. Mzee akamnyooshea joka lake mwenyewe, zuri la kutamanisha. "Chukua. Toa kuni moja tu, idadi ya karata isizidi."

Alilishika, akaligeuza, akameza mate. Treni ikasimama.

"Ahsante, baba," akasema. Akamrudishia, akashuka na kuni zake zote.