Nilivyogoma Kupika Maji ya Fedha

Bwana asifiwe! Viti vya nyuma, mmeitikia kama watu wenye uji moto mdomoni. Bwana asifiwe tena! Asanteni.

Ndugu zangu, mimi ni Barasa wa kidato cha tatu, mtoto wa Mama Barasa wa hapa hapa Kaloleni. Mama ameniomba nishuhudie kwa upole. Nimemwambia nitajaribu. Wengi husimama hapa kutubu. Mimi leo sitatubu. Nimekuja na shukrani, na ubishi kidogo.

Dada yangu mdogo Nafula alishikwa na kifua. Alikohoa mpaka majirani wakaacha kugonga ukuta na kuanza kutuletea tangawizi. Hospitalini wakasema ni TB, wakampa vidonge vya kumeza miezi mingi. Vidonge vyenyewe vikubwa kama vifungo vya koti! Kila asubuhi Nafula alivimeza akilia, na mara nyingine vilirudi vyote na chai juu yake. Mama alichoka. Mimi sikumlaumu.

Ndipo Mjomba Simiyu, ndugu yake mama, anayefanya kazi reli na kulala sebuleni kwetu, akaleta habari za maji ya fedha. Alifundishwa na jamaa mmoja wa Buruburu mwenye kitambi na gari. Unatumbukiza nyaya mbili za fedha ya sonara kwenye gilasi ya maji, unaziunganisha na betri za redio, fedha inaingia majini bila wewe kuiona. Halafu unatia sukari na magadi, unapasha moto, na maji yanageuka manjano. Mjomba alisema manjano hayo yanaponya kila kitu, tangu mafua mpaka laana.

Shida ni kwamba ya Mjomba yalikataa kuwa manjano. Kwanza alitia sukari ya chai, vijiko viwili vya kujaa, eti mtoto asikatae. Yakabaki maji ya sukari. Kisha magadi yakakosekana dukani, akachukua munyu wa mama, ule anaochuja kwenye majivu ya maganda ya maharagwe ili mboga ya mrenda ilainike. Ndugu zangu! Maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Mjomba akasema huo ni upako. Akauchemsha upako mpaka ukawa tope jeusi, sufuria ikaharibika, na redio ikakosa betri siku ya mpira.

Nikamwambia, "Mjomba, sukari ya chai haina nguvu ya kuigeuza fedha. Tumefundishwa kemia. Tafuta glukosi."

"Umesoma sana, sivyo?" akasema. "Basi pika wewe."

Nikapika. Sitadanganya kanisani, nilifurahia sana! Maji ya bomba niliyakataa kwa sababu ya dawa ya jiji iliyomo, nikatumia yale safi ya kutia kwenye betri za magari. Asali nilijaribu, ikaleta rangi ya mtaro. Glukosi kwenye maji baridi unangoja mpaka unasahau ulikuwa unangoja nini. Maji yakitokota, tope tena. Lakini yakianza kutoa mvuke, kidole hakivumilii na mapovu bado, hapo ndipo unatia glukosi chembe tu na magadi chembe tu, na rangi ya manjano inakuja polepole mpaka unasimama kuitazama. Nilisema inafanana na mkojo wa malaika. Mama akanichapa kwa mwiko.

Sifa zikaenea. Kina mama wa maombi, nawaona mnaangalia chini, mlikuja na chupa! Mtaa mzima hapakuwa na mwingine aliyeweza kuipata rangi ile. Ndipo Mjomba akamwambia mama, "Dada, vidonge na maji haya hayakai tumbo moja. Yatapigana. Chagua."

Mama akaviweka vidonge juu ya kabati.

Nafula akafurahi, maana maji yalikuwa matamu. Lakini akaendelea kukohoa, na shingo ikawa nyembamba kama ya kuku wa Krismasi aliyeuzwa mapema. Jioni moja Mjomba akanipa nyaya nipike maji ya kesho. Nikazima stovu.

"Leo sipiki. Kesho pia sipiki. Mrudishieni Nafula vidonge vyake."

"Unashindana na kazi ya Mungu?"

"Mjomba, hii ni kazi yangu! Ni glukosi na moto mdogo. Jikoni nilikuwa mimi na paka."

Kofi la mama lilifika kabla sijamaliza kusema paka. Lakini sikupika.

Jumapili nikaletwa kwa wazee, chumba kile cha nyuma ya madhabahu, niombewe pepo wa ukaidi. Mzee mmoja alinishika kichwa kama anayechagua tikiti maji. "Toka! Toka! Mwachie kijana!" Walipomaliza akaniuliza najisikiaje.

"Najisikia njaa, Mzee. Na bado sipiki."

Mama akaanza kulia. Mjomba akanyoosha mkono kunionya, na dirisha lilikuwa wazi, jua likampiga vidoleni. Nikaushika mkono ule, nikauweka kando ya mkono wa mama. Ndugu zangu, kucha za Mjomba zilikuwa na rangi ya mabati!

"Ni grisi ya reli," akasema.

"Grisi hutoka kwa sabuni," mama akamjibu. "Nguo zako nafua mimi. Simiyu, umekunywa haya maji tangu lini?"

"Tangu Barasa aanze kuyapika vizuri."

Nikauachia mkono wake, nikaificha yangu yote miwili mfukoni.

Mama hakungoja sala ya kufunga. Alirudi nyumbani, akapanda stuli, akateremsha vidonge. Jumatatu alimpeleka Nafula hospitalini, akagombezwa na muuguzi, matibabu yakaanza upya. Mjomba naye aliambiwa ni fedha iliyomwingia mwilini, na rangi ile huenda isitoke tena. Ameacha kuyanywa, na tunaongea, ingawa kwa ufupi.

Namshukuru Mungu kwa hospitali, kwa muuguzi mkali, na kwa mama. Kama una chupa yangu nyumbani, imwage hata kama rangi yake inakupendeza. Rangi niliiweka mimi, na rangi haijawahi kumponya mtu. Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, kisha umeze dawa zako mpaka kidonge cha mwisho.

Na wazee wangu, nawaheshimu. Mlimkemea yule pepo wa ukaidi mpaka mate yakanifikia. Nashuhudia mbele ya kanisa lote kwamba hakutoka, haleluya!

Nafula, simama wakuone.