Fomu Mbili za Mzee Saa

Jumanne, saa kumi na dakika arobaini alasiri, mhudumu wa ofisi ya mtaa alibandika orodha mbili ukutani, mkabala na benchi letu. Moja ilikuwa ya vikundi vilivyopitishwa kupata mkopo wenye dhamana ya serikali. Nyingine ilikuwa ya watu wasiojiweza watakaopewa ruzuku kila mwezi. Jina la Mzee Saa, fundi wa saa na mwenye benchi, lilikuwa kwenye zote mbili. Chini paliandikwa kwa wino mwekundu: aliyetokea mara mbili afike kesho kabla ya saa nne asubuhi achague moja, la sivyo anafutwa kote. Fomu zake nilizijaza mimi, siku moja, kwa kalamu moja. Kwenye ile ya ruzuku niliandika kwamba haoni hata mshale wa dakika. Kwenye ile ya mkopo niliandika kwamba anaona mpaka vumbi lililo ndani ya saa ya mkononi. Nina shahada. Benchini wananiita Karani, kwa sababu tangu nihitimu, miaka miwili sasa, kazi yangu ni kuwajazia watu fomu juu ya paja.

— Hongera, mzee, alisema Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko hatua nne kutoka benchini. Umekuwa maskini na mfanyabiashara kwa mpigo.

— Achague mkopo, alidakia Asilimia. Kikundi ni watu watano. Akitoka mmoja, kimekufa mpaka mwakani.

Asilimia ni dalali wa vyumba. Hasemi neno bila takwimu, na takwimu zake huzaliwa mdomoni mwake. Watano wenyewe ni yeye, Mzee Saa, Kinyozi, mimi, na Shangazi anayetuuzia kahawa. Mimi nilikuwa nimeshapima kwa rula mahali itakapokaa mashine yangu ya kutoa nakala.

— Kimaadili, nilisema, kwa sauti niliyotumia kutetea tasnifu yangu, ruzuku ni ya mtu mwenye shida kweli. Mzee Saa ana ufundi mkononi. Atakuwa anamzibia mwenzake nafasi.

— Kimaadili! Kinyozi aliangua kicheko. Na ile fomu ya ruzuku ilijazwa na jini?

Nikapiga funda la kahawa ikingali moto, nikaungua ulimi. Nilistahili.

— Shida kweli ndiyo ipi? aliuliza Shangazi. Kwenye orodha ile yumo mwenye nyumba wangu.

— Hapo ndipo msipopaelewa, alisema Asilimia. Siku hizi mtu hachaguliwi na mtu. Inachagua kompyuta. Asilimia tisini na moja ya ruzuku inatolewa kwa kutazama kamba za nguo. Wanapiga picha kutoka angani. Ukianika zaidi ya mashati mawili, wewe tajiri.

— Mimi naanika taulo kumi na sita kila siku, alisema Kinyozi.

— Si ndiyo maana hupati! Mwenye nyumba wa Shangazi anaanika chumbani.

Kinyozi alifikiri.

— Mimi nasema wanaangalia vichwa. Maskini hanyoi kila wiki. Mwezi uliopita kuna jamaa alikaa kibandani kwangu saa nzima, hanyoi, anatazama tu.

— Alikuwa anachaji simu, Shangazi alisema.

— Ndivyo wanavyojificha!

— Na spea je? Asilimia alisimama kabisa. Mwaka mzima Mzee Saa anawarudishia watu saa zao, kila siku spea hakuna, spea hakuna. Nani kazificha? Wao. Fundi akikosa spea anafilisika, akifilisika anaomba ruzuku, akiomba ruzuku wameshampata.

— Wamempata wamfanye nini? aliuliza Shangazi.

— Hapo bado napafanyia kazi.

Mzee Saa alikuwa akifuta lenzi yake kwa pindo la shati.

— Mzee, sema na wewe, nilimwambia. Mkopo, sivyo?

— Mnazungumza vizuri, wanangu. Endeleeni.

Hapo akaja mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona, amevaa sare ya nesi. Akafungua pini kifuani, akatoa saa ndogo.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba.

— Mshale wa sekunde unakwama, na ndio ninaoutumia kuhesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa. Unaweza kuitengeneza?

Asilimia alinikanyaga mguu.

— Katumwa na ofisi, alininong'oneza. Asilimia mia. Nesi gani ana viatu visafi hivyo?

Mzee akijibu kwamba anaweza, ruzuku imekwenda. Akijibu kwamba hawezi, mkopo umekwenda, wake na wetu sote. Kinyozi alishikwa na kikohozi. Shangazi alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Mimi, msomi wa benchi, nilijikuta natazama juu kama kuna anayetupiga picha.

— Nimeuliza vibaya? nesi alisema.

— Hujauliza vibaya, mwanangu.

Mzee Saa aliipokea saa, akaiweka sikioni.

— Naisikia inavyokwama. Kuiona ndiyo siwezi. Mpelekee fundi wa pale stendi, mwambie ni uchafu tu, asikutoze sana.

Nesi alishukuru akaenda. Asilimia ndiye aliyeuliza kwanza.

— Na spea, mzee?

— Spea zipo. Zimejaa kwenye droo. Nabadilisha betri tu, kwa kupapasa.

Asilimia aliketi. Mwaka mzima nimekaa bega kwa bega naye, mimi ninayeona nukta iliyokosewa ukurasa wa arobaini, na sikuona. Nilipojaza zile fomu nilijua kwamba moja ni ya uongo. Nilikosea ni ipi.

— Mbona hukuniambia?

— Nilikwambia. Ulikuwa unaandika, nikasema macho yangu yamekwisha. Ukacheka. Ukasema, hapo hapo mzee, waeleze hivyo hivyo.

— Na ile ya mkopo?

— Mlikuwa mnatafuta mtu wa tano.

Shangazi aliinamisha birika. Halikutoa kitu, kahawa ilikuwa imekwisha.

Jumatano, saa mbili kasorobo asubuhi, nilibisha mlangoni kwake. Tulikwenda taratibu, mkono wake begani kwangu. Kwenye dirisha la ofisi ya mtaa tulipewa fomu ya kujitoa kikundini. Nilimsomea kila mstari kwa sauti, nikasubiri ajibu, ndipo nikaandika. Kwenye sababu alisema, "Macho," nikaandika macho, bila kupamba. Mwishoni palikuwa na mstari wa mwanakikundi anayeridhia, akijua kwamba kikundi kinavunjika. Niliusoma mara tatu, nikatia sahihi.