Kichwa Alichokiinamisha Mwalimu Joab Otiende

Wazee wetu, wachungaji, walimu, majirani wa Kapmugeni, na ninyi ndugu zetu mliotoka Asembo kwa basi na bado mmenuna kwamba marehemu hazikwi kwao, poleni na karibuni. Mimi ni Celine, binti wa marehemu, na familia imenipa kazi hii kwa sababu, kama alivyosema kaka yangu Phelix, mimi ndiye niliyesoma hadi chuo kikuu na kwa hiyo sitalia katikati. Kamati ya mazishi ilinipa karatasi iliyokwisha kuandikwa, inayosema kwamba marehemu alikuwa mtu mpole aliyependwa na wote, nami nimeikunja nikaiweka kando, maana wengi mliokaa hapa mlimfahamu, na yeye mwenyewe hakupenda mtu asifiwe kwa uongo, hata akiwa ndani ya sanduku.

Mwalimu Joab Otiende alizaliwa tarehe 4 Mei 1907 huko Asembo, mtoto wa pili wa mhunzi Kepher, akabatizwa mwaka uliofuata, akasoma katika shule ya misheni ya hukohuko kuanzia 1916 hadi 1923, kisha akaenda chuo cha walimu karibu na Kisumu hadi mwisho wa 1926. Huko alijifunza hesabu, Kiingereza, kupiga ngoma ya bendi, na kuamini kwamba mtoto anayejua kusalimu amekwisha kuelimika nusu, imani ambayo sisi watoto wake tuliilipia kila asubuhi, tukisimama mlangoni kumsalimu kila mgeni kwa jina lake huku chai yetu ikipoa.

Mnamo Januari 1927, kwa kuwa nafasi ya ualimu haikupatikana, alishuka treni kituo cha Lumbwa, akatembea hadi Kericho, akaajiriwa kuwa karani katika shamba moja la chai, wakati miche ilikuwa bado haifiki magotini na msitu unaendelea kukatwa. Msimamizi wa shamba hilo aliwaita watu wazima wote boi, yaani mvulana, hata wenye wajukuu, na marehemu alivumilia hadi Novemba 1930, alipoitwa hivyo mbele ya watu aliokuwa akiwaandikia kazi, akaweka kalamu mezani, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Naomba mlikumbuke jambo hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alilisahau haraka sana, kama mtakavyosikia.

Januari 1931 alianza kufundisha hapa Kapmugeni, katika shule ya misheni, akapewa darasa la juu, lile ambalo leo tungeliita sekondari. Msidanganywe na wanaosema vijana wa zamani walikuwa na adabu. Walipiga miluzi mwalimu akigeukia ubao, walijibu kwa kejeli, walimwita mpishi wa shule majina ambayo siwezi kuyasoma mbele ya wachungaji, na padre aliyekuwa mkuu wa shule alikuwa na dawa moja tu, nayo ilikuwa kiboko kilichoning'inia nyuma ya mlango wa ofisi. Marehemu hakukipenda kiboko. Alitaka heshima itoke kwa wanafunzi wenyewe, kwa njia ya kwao, na hapo nia ilikuwa njema kabisa.

Sasa, mtu anayetaka kujua desturi za Wakipsigis, akiwa amezungukwa na Wakipsigis kila upande, angemwuliza nani? Baba yangu, aliyekuwa na cheti cha ualimu, alimwuliza Nganga, mwenye duka, aliyekuwa amefika hapa kutoka Kiambu miezi minane tu kabla yake. Naye Nganga, ambaye tulimzika majuzi na tulimpenda, hakuwa mtu wa kusema sijui. Alimweleza kwamba hapa mtoto humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini kwa kiganja, na salamu imekwisha. Ilikuwa kweli. Ilikuwa nusu ya kweli, na wanaume wawili wageni waliridhika nayo juu ya kikombe cha chai.

Basi ikawa sheria ya shule. Kila asubuhi Mwalimu Otiende alisimama langoni na kofia yake ya sufi, wanafunzi wakapita mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, akawagusa, na kusema kweli shule ilitulia, miluzi ikapungua, padre akaandika sifa zake kwa wakubwa wa misheni. Katika utulivu huo, tarehe 16 Desemba 1933, alimwoa mama yetu, Syprose Aoko, akamleta katika nyumba ya mwalimu, na muda si mrefu mama akawa mjamzito.

Mwisho wa mwaka huohuo vijana kumi na mmoja wa darasa la juu walikwenda jandoni, wakakaa kibandani kama inavyotakiwa, na Jumatatu tarehe 12 Februari 1934 wakarudi shuleni. Wa kwanza langoni alikuwa Kimalel arap Bii. Marehemu akanyoosha mkono kuelekea utosini kwake, kama alivyofanya kila asubuhi, na Bii akarudi nyuma hatua moja. Marehemu akadhani ni ujeuri, akamwamuru ainame, akarudia kwa sauti ya juu. Kila Mkipsigis aliyekuwa pale, hata wale wa darasa la kwanza, alijua kwamba aliyetoka jandoni ni mwanamume, husalimiwa kwa mkono, na kumgusa kichwa ni kumwambia mbele ya watu kwamba bado ni mtoto. Aliyekuwa hajui ni mmoja tu, na ndiye aliyekuwa mwalimu.

Wote kumi na mmoja walitoka. Hawakutupa jiwe wala kutukana, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Walikaa ng'ambo ya ua wa shule, ukingoni mwa shamba la chai, wakawa wanamsalimu kwa adabu kila apitaye, padre, mpishi, hata punda wa Nganga, isipokuwa yeye. Padre akamwita ofisini, akamwambia kwamba mkaguzi anakuja Machi, na kama atakuta madawati ya darasa la juu ni matupu, darasa litafungwa na yeye atarudishwa Asembo. Halafu akamwonyesha kiboko. Marehemu alikataa kiboko, na pia alikataa kuomba radhi, akakaa nyumbani siku kadhaa akisema kwamba vijana wa siku hizi hawana heshima.

Mama yetu, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akitapika kila asubuhi na hakuwa na nafasi ya kubembeleza mtu, aliuliza huko kisimani kwa wanawake wa hapa, akaelezwa jambo zima kabla ndoo haijajaa. Alirudi, akaitua ndoo, akamwambia, "Baba Kepher, wewe uliacha kazi kwa kuitwa boi. Hawa nao umewaita nini?" Mtoto hakuwa amezaliwa bado, lakini jina lilikuwa limekwisha kuchaguliwa, na mama alilitumia kila alipotaka asikilizwe.

Asubuhi iliyofuata marehemu aliruka ua. Aliwaambia vijana kwamba amekosea na kwamba warudi darasani, na ingeishia hapo kama angelikuwa anasema na watu wa kawaida, lakini alikuwa akisema na watu waliotoka jandoni juzijuzi. Bii akasimama. Akamwambia, "Mwalimu, kwetu anayegusa kichwa ni mkubwa. Kwenu Asembo hakuna jando, wewe hukupita tulikopita. Kama ni kichwa, inamisha chako."

Wenzake walicheka. Shule nzima ilikuwa imejipanga kwenye ua ikitazama, padre naye dirishani. Marehemu akavua ile kofia, ambayo hata kanisani ilikuwa taabu kumvua, akainamisha kichwa.

Hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa hilo, hasa Bii. Kichwa kikishainamishwa mbele yako huwezi kukiacha hivyo, ni tusi kubwa kuliko yote, na ukishakigusa umekubali kwamba huyu ni mtoto wako, utamtetea na hutamwacha njiani. Mama alisema Bii alikaa muda mrefu mkono ukiwa hewani, kama mtu anayetaka kugusa chungu cha moto. Kisha akagusa. Marehemu akainuka, akampa mkono, akasema, "Sasa kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, nitafutie watu wa kufundisha, nisije nikafukuzwa."

Tisa walirudi darasani siku hiyo. Wawili waliingia kazi ya shamba la chai na hawakurudi kamwe, na mmoja wao, hata miaka ya juzi sokoni Bomet, alikuwa bado anamwita baba yangu mtoto, mbele ya watu. Mkaguzi alikuta madawati tisa yana watu, darasa likabaki. Sheria ya langoni ikabadilishwa, mkono kwa kila mtu na jina lake, mdogo na mkubwa, mwalimu akiwa wa kwanza kunyoosha, na kiboko kikaanza kushika vumbi, kwa sababu, alivyosema marehemu, ni kazi ngumu kumchapa saa nne mtu uliyempa mkono saa mbili. Leo shule hiyo imeandika neno HESHIMA ukutani kwa rangi nyekundu, na mwezi uliopita nilipopita kuomba viti vya msiba, karani alinijibu bila kuinua macho.

Alifundisha hapa hadi alipostaafu 1962. Mungu aliwajalia watoto watatu, Kepher, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1934, Phelix, 1937, na mimi, 1940. Kisukari kilimwanza 1968, kikamla mguu mwaka jana, na tarehe 9 Agosti 1974, saa kumi alasiri, akatuacha, akiwa amekwisha kugombana na wauguzi wote wa wodi kwa kumdunga sindano kabla ya kumsalimu.

Tunawashukuru wauguzi hao, ambao mwishoni walimsalimu, madaktari waliomhangaikia, majirani mliochota maji na kupasua kuni, familia ya Nganga kwa sukari na unga, na walimu aliofanya nao kazi.

Bado jambo moja. Tangu 1934 mtu mmoja tu amekuwa akimgusa baba yangu utosini kabla ya kumpa mkono, naye ndiye Mzee Kimalel arap Bii, aliyekuwa mwalimu kule Siongiroi, na amekaa pale mstari wa mbele na fimbo yake. Kamati imemwambia kwamba salamu yake haimo katika ratiba. Ndugu zetu wa Asembo wameuliza kwa nguvu Mkipsigis ana haki gani juu ya kichwa cha maiti yao. Nimekwisha kuwaeleza.

Pumzika, Mwalimu, amani iwe kwako. Mzee Bii, sogea mbele, sanduku bado halijafungwa, na kofia tumekwisha kumvua.