Joto la Mwisho la Wenseslaus

Wasikilizaji wapendwa, huko mliko, hebu acheni vyombo kidogo. Leo tunamkumbuka Wenseslaus wa Uru, fundi aliyekuwa akiliweka akiba joto la jua. Tunamkumbuka pamoja na mkewe, Salvina, maana habari hii ni yake pia.

Uru mnaijua, kule kwenye miteremko ya mlima. Asubuhi mlima uko wazi, mchana wingu limeshaufunika. Julai ndiyo usiseme. Wenseslaus na Salvina walikuwa na kiwanda kidogo cha kukausha ndizi na kusaga unga. Zamani walikausha kwa kuni, na miti ya kihamba, lile shamba lao la ukoo, ikawa inakwisha. Ndipo Wenseslaus akachimba chumba chini ya kiwanda, akakijaza mawe meusi, akakizungushia pumba za mpunga kutoka Chekereni ili joto lisitoroke. Juu ya bati akapanga masanduku ya vioo. Jua likipiga vioo, feni inasukuma hewa ya moto chini kwenye mawe. Jua likizama, mlango wa chumba unafunguliwa, na mawe yanakausha ndizi hadi asubuhi.

Majirani walimtania kwa jina la mwanawe. "Baba Lucky, ukishalifunga jua, tufungie na mvua!" Naye alicheka. "Jua la huku ni mgeni mwenye haraka," alisema. "Mpokee mzigo kabla hajaaga."

Kila asubuhi alipanda juu kupangusa vioo, maana kioo chenye vumbi hakishiki jua. Salvina alimshikia ngazi. Kila siku, wasikilizaji wapendwa, alimshikia ngazi.

Julai iliyopita, siku moja, Salvina alikuwa nyuma ya nyumba akiwapokea kina mama walioleta ndizi. Wenseslaus hakutaka kumsumbua. Alipanda peke yake, akapangusa vioo vyote, na wakati wa kushuka ngazi ikateleza kwa umande. Alifariki kabla hawajamfikisha hospitali.

"Ningekuwepo," Salvina anasema mpaka leo. "Ilikuwa ni kushika ngazi tu, basi."

Siku ile mlima haukufunikwa kabisa. Jua liliwaka mpaka jioni, na hakuna aliyekumbuka chumba cha mawe. Feni ilizunguka yenyewe kwa umeme wa jua. Vioo vilikuwa safi, kama alivyoviacha. Aliyevipangusa yuko mochwari, na mawe yake yanajaa joto. Inauma, jamani.

Jioni Salvina alirudi kutoka hospitali, akagusa mlango wa chumba cha mawe. Ulikuwa na joto kama mgongo wa mtu aliyelala. Akauegemea. "Mtu asifungue," akasema. "Hili ndilo la mwisho aliloniachia."

Pale kiwandani, ndizi zilizomenywa mchana na kina mama wasiojua la kufanya zilianza kuwa nyeusi. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Ni Hilda, dada wa marehemu, aliyekwenda kukaa chini kando yake.

"Wifi," alisema, "hata ukilifungia litapoa tu. Kaka hakuliweka likae. Aliliweka lifanye kazi."

Salvina aliinuka. Kisha akaufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kulipokucha, ndizi zilikuwa kavu na mawe yamepoa. Akaweka kiganja juu ya jiwe, na hapo ndipo alipolia kile kilio kilichokuwa kimemkwama tangu jana.

Unga wa ndizi zile ndio uliopikiwa uji siku ya mazishi. Waombolezaji waliunywa kihambani, karibu na kaburi. Wengi hawakujua wanakunywa nini. Salvina alijua.

Kwa Salvina, kwa kijana wao Lucky, kwa Hilda na ukoo wote, poleni sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe marehemu kwa amani, na nyinyi awafute machozi. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tunayemshikia ngazi kila siku, tukidhani kesho ipo tu? Ukimaliza kunisikiliza, nenda ukamtazame.

Leo asubuhi nilipiga simu Uru, kuwajulia hali. Hilda ndiye aliyepokea.

"Nipigie baadaye, mwanangu," akaniambia. "Salvina yuko juu anapangusa vioo. Nimeshika ngazi."