Mama Waya na Mshipa wa Pembeni

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alirithi mkono mtulivu wa baba na amri za mama.

Sekondari alisoma bweni, na mwaka 1983 alihitimu udaktari, kisha akabobea katika magonjwa ya moyo.

Kazini alifundisha kuzibua mishipa ya moyo iliyoziba pale inapogawanyika. Ukiweka stenti, kile kibomba cha wavu, kwenye mshipa mkubwa, waweza kuuziba ule mdogo wa pembeni. Hivyo alidai waya mwembamba utangulie kwenye ule mdogo, njia isije ikapotea. Stenti ya pili aliiweka kwa nadra. "Damu inapita? Basi shukuru, funga kazi." Wauguzi walimbandika jina Mama Waya, naye akaliitikia.

Mwaka 1986 aliolewa na mwalimu wa hisabati, shemeji yetu, mtu mpole. Shemeji akipika, marehemu alisimama nyuma yake kumwelekeza hata namna ya kushika mwiko. Siku moja shemeji alimkabidhi mwiko akaenda kukaa sebuleni. Chakula kiliungua chote. Tangu hapo marehemu alielekeza akiwa ameketi.

Mwaka 2018 maradhi aliyoyatibu yalimfika mwenyewe: mshipa wa kushoto wa moyo wake uliziba penye panda. Alichagua kutibiwa na daktari aliyekuwa mwanafunzi wake. Katika matibabu hayo mgonjwa huwa macho. Stenti ya kwanza ilikaa vizuri, ila mshipa wa pembeni ukabana kidogo. Daktari alisita.

"Mwalimu, niweke ya pili?"

"Mwanangu, leo mimi ni mgonjwa. Daktari ni wewe."

Daktari akatazama damu inavyopita, akaamua asiweke. Marehemu alinyamaza kimya, na sisi tunaomjua tunajua kunyamaza huko kulivyomgharimu.

Alipata miaka sita ya kudekeza wajukuu na kumsumbua shemeji. Kisha msuli wa moyo ulichoka, akafariki asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2024, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe. Vipimo vilikuwa vimeonyesha mishipa yote miwili i wazi, lakini kilio hakisomi vipimo. Yule daktari alisimama mlangoni akilia, "Ningeweka ya pili."

"Usijitie lawama, mwanangu," shemeji akamwambia. "Siku ile ulinirudishia mke wangu."

Marehemu ameacha mume, wadogo zake watatu, wajukuu wanne na watoto watatu: binti, mwana, na daktari huyo. Jana daktari aliomba atajwe kati ya wafanyakazi wenzake marehemu, si kati ya watoto. Shemeji alikataa katakata, na watoto wakamuunga mkono.

Apumzike dada yetu, kazi ameifanya.