Sista Rahab na Vikombe vya Saa Nne

Sista Rahab Wachuka aliripoti hapa hospitalini kwetu Nakuru tarehe 2 Machi 1992, na anastaafu Jumanne, tarehe 30 Juni 2026. Hiyo ni miaka thelathini na minne na miezi minne. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliitumia katika wadi ya upasuaji wa mgongo, ambako mimi, Nangila, nimekuwa muuguzi chini yake kwa miaka tisa. Kamati ya sherehe imenionya nisimsifu kupita kiasi. Nitajaribu, lakini siahidi.

Wanaomfahamu wanajua mambo matatu: hapendi viatu vinavyopiga kelele, huimba nyimbo za kanisa bila kujali noti, na haamini mgonjwa anayesema yuko sawa. Wagonjwa wetu wengi ni wakulima na wafugaji waliolelewa kuvumilia. Mtu ametiwa skrubu mgongoni jana, ukimuuliza anaendeleaje anakujibu "niko sawa tu", nasi tunaandika hivyo kwenye faili. Sista Rahab aliangalia kikombe. Alisema mtu wa huku hawezi kuiacha chai ya maziwa ya saa nne ipoe, isipokuwa maumivu yamemzidi. Basi alikuwa akikusanya vikombe mwenyewe na kuandika katika daftari lake la buluu: amemaliza, amebakisha nusu, hajagusa. Tulimcheka sana, na mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Daftari lile lilimwonyesha jambo. Watu watatu wamefanyiwa upasuaji uleule na kupewa dozi ileile ya dawa ya maumivu. Mmoja anamaliza chai, wa pili haigusi, wa tatu anasinzia kikombe kikiwa mkononi. Kila alipouliza sababu aliambiwa watu hutofautiana. Naye alijibu kwamba hilo ameshaliona, anachouliza ni kwa nini.

Mwaka 2021 tulimpokea Kiprugut, mpasua mbao wa Elburgon aliyeangukiwa na gogo. Upasuaji ulikwenda vizuri, ila ilimlazimu asimame na kuanza mazoezi mapema, la sivyo miguu yake ingedhoofika na huenda asingetembea tena. Kila tulipomwinua alitokwa na jasho jembamba akarudi kitandani. Dozi alikuwa anapata yote. Mtu mmoja akaandika kwenye faili kwamba ni mvivu, mwingine akaongeza kwamba anapenda dawa. Mwenyewe alisema yuko sawa. Chai yake ilirudi baridi siku nne mfululizo.

Wakati huo Daktari Kibii alikuwa ameanza utafiti wa jeni: unapangusa ndani ya shavu la mgonjwa kwa pamba, maabara inachunguza jinsi mwili wake unavyozitumia dawa za jamii ya afyuni. Kiprugut hakuwa kwenye orodha. Sista Rahab alibeba daftari hadi ofisini kwa daktari, akaketi, na hakutoka mpaka jina likaingia. Majibu yalipokuja tuliona aibu. Ini la Kiprugut halikuwa na uwezo wa kuigeuza dawa ile ifanye kazi. Tulikuwa tukimpa kitu kisichozidi maji. Akabadilishiwa, akapewa mofini, ambayo haingoji kugeuzwa na ini, kwa kipimo. Siku ya tatu alisimama. Siku ya tano alitembea hadi dirishani, akageuka na kuuliza, "Sista, chai iko ingine?" Wadi nzima ilipiga makofi.

Leo kila anayekuja kufanyiwa upasuaji wa mgongo kwetu hupangusiwa shavu kwanza.

Mwaka jana mgongo wa Sista Rahab mwenyewe, baada ya kuinua watu miaka yote hiyo, ulihitaji kisu. Alilala kitanda namba saba katika wadi yake. Jeni zilituambia dawa ipi itamfaa, lakini hazikutuambia kwamba angeikataa. "Niko sawa, Nangila. Enda uone wengine." Nilikuwa nimeshaanza kuondoka nilipokiona kikombe, kimejaa, chai imefanya utando juu. Nikalifungua daftari la buluu, nikaandika: Rahab Wachuka, hajagusa. Nikamwekea mbele ya macho. Alicheka mpaka akashika kitanda kwa uchungu, kisha akalia kidogo, kisha akaikubali dawa. Sijawahi kumpenda mtu kazini kama nilivyompenda siku hiyo.

Sasa anakwenda Gilgil kwa ng'ombe wake watatu, ambao nawahurumia, maana watapimwa kila asubuhi. Sista, asante kwa kutufundisha kutomwamini mtu kwa neno lake tu. Tunakuombea siku ndefu zenye afya na furaha, na mgongo usiokusumbua. Kiprugut amefika, ametembea mwenyewe kutoka getini. Chai ya sherehe ni saa nne kamili. Daftari umeniachia mimi, na vikombe nitakusanya mimi.